Jivu, Gorogoro na Mgongo Wazi

Maharagwe yakishapurwa na kupepetwa, makapi hayatupwi. Hukusanywa, huanikwa tena kama mvua ya alasiri iliyapata, kisha huchomwa polepole juu ya bati mpaka yawe jivu jeupe. Jivu hutiwa katika mkebe uliotobolewa matundu kitakoni, maji yakamiminwa juu yake kidogo kidogo, na kinachodondoka chini huwa na rangi ya strungi. Huo ndio munyu. Wanyore na Waluhya wengine huuita munyu musherekha, na majirani zao Wajaluo wanaujua vizuri. Maseno ni mahali pa mipaka: ikweta inapita hapa, Kaunti ya Kisumu inaishia hapa na Vihiga inaanza, na asubuhi moja mtu anaweza kununua mboga kwa lugha tatu bila kuvuka barabara ya Busia mara mbili.

Kijiko cha munyu kikitiwa ndani ya mrenda, majani hulainika upesi. Kunde ngumu hukubali kuiva, na mboga chungu hupungua makali. Kemia yake haina uchawi wowote. Jivu la mimea lina potasiamu kabonati nyingi, ndugu wa karibu wa magadi yanayouzwa dukani, na kemikali za jamii hiyo huvunja kile kinachoyashikilia majani pamoja. Wataalamu wa lishe hutukumbusha kwamba huvunja pia sehemu ya vitamini C na B1, na hawakosei. Lakini mpishi anatazama jambo lingine: sufuria imekaa motoni muda mfupi, kwa hiyo kuni zimebaki. Makapi ya maharagwe ya msimu uliopita yameokoa kuni za leo. Na jivu lililokwisha kuchujwa bado lina safari. Hupelekwa chini ya mgomba, au hutupwa chooni kupunguza harufu na nzi. Jivu la kawaida la mekoni nalo huchanganywa na maharagwe ya mbegu ili fukusi wasiyatoboe, na hakuna kitu kinachosugua masizi ya sufuria kama hilo.

Nyanya aliyetulea hakujiita mhifadhi wa mazingira hata siku moja, na angeshangaa sana kuambiwa kwamba makapi ni taka. Mimi nimesoma orodha nyingi za namna ya kuishi bila kuichafua dunia, na nyingi huanzia dukani: nunua mswaki wa mianzi, nunua chupa ya chuma, nunua mfuko wa pamba wenye maandishi mazuri. Sina ugomvi na mianzi. Kinachonitatiza ni kwamba orodha hizo zinaweka uwekevu ndani ya moyo wa mtu mmoja mwema anayejitahidi, ilhali katika nyumba ninazozijua uwekevu ulikaa baina ya watu, wanyama na vitu. Maganda ya viazi yalikuwa ya mbuzi. Ukoko wa ugali ulikuwa wa kuku, kama watoto hawakuwahi kuugombania kwanza. Kaptura ya kaka ilikuwa ya mdogo wake, kisha ya kufutia sakafu. Kwa hesabu ya nyumba hizo, taka ni kitu kilichokosa wa kukipokea, na vitu vya namna hiyo vilikuwa vichache mno.

Ukitaka kuona jambo hilo likiwa limefika sokoni na kupewa cheo, nenda Luanda, mwendo mfupi tu kutoka Maseno kwa barabara ya Busia. Mahindi yanapimwa kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili uliowahi kujaa mafuta ya kupikia. Kimbo na Kasuku zilikuja zikiwa na mafuta. Mafuta yakaliwa, mkebe ukabaki na kuajiriwa upya. Hauna muhuri wa mkaguzi wa mizani, lakini gazeti likitaka kueleza maisha yalivyopanda magharibi mwa Kenya hutaja bei ya gorogoro, na kila msomaji huelewa. Sijui nchi ngapi zimechukua chombo kilichokwisha kazi na kukifanya kipimo cha njaa na shibe. Tusikitukuze kupita kiasi, hata hivyo. Mkebe uliobonyezwa kitako kwa nyundo hupunja konzi nzima ya mahindi, na mnunuzi aliyezoea soko huugeuza kwanza, akautazama chini, ndipo afungue pochi. Kutumia tena kitu hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu.

Maseno ina historia nyingine ya uwekevu, ya fedha, na nadhani ni ya ukoo mmoja na hii ya jivu. Jaramogi Oginga Odinga alisoma katika Shule ya Maseno, ile iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1906, akarudi kufundisha, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya mifugo ya hapa hapa. Alipoacha ualimu alijitosa katika chama cha kuweka akiba, na mwaka 1947 kikaandikishwa kuwa kampuni, Luo Thrift and Trading Corporation. Watu wenye mishahara midogo na wakulima wenye mifuko mitupu walitembelewa vijijini wakaombwa wanunue hisa. Fedha hizo zilijenga Ramogi House mjini Kisumu na kusimamisha matbaa iliyochapisha magazeti ya Waafrika wakati ambapo kuchapa gazeti kulikuwa jambo la kumtia mtu taabani. Kampuni haikutajirisha wengi. Lakini angalia ilivyofanya kazi: haikumwambia mkulima ajinyime tu, kwa sababu mkulima wa Nyanza alikuwa amejinyima tangu kodi ya kwanza ya nyumba. Ilimpa mahali pa kupeleka kile alichojinyima. Shilingi iliyobaki ilipata wa kuipokea, naye alikuwa na anwani, jengo na jina.

Kutoka barabarani ukiingia vijijini, mipaka ya mashamba mengi imepandwa ua wenye maua ya njano, mrefu kuliko mtu. Kwa Kijaluo ni maua makech, na uchungu wake unajulikana kwa yeyote aliyewahi kutafuna jani lake akitafuta dawa ya tumbo. Wataalamu huuita mmea huo Tithonia diversifolia. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ukaletwa kwa ajili ya urembo, ukatoroka bustani. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuonyesha shamba la fulani linaishia wapi. Kisha katika miaka ya 1990 watafiti wa taasisi za misitu na kilimo za ICRAF, KEFRI na KARI waliokuwa na kituo Maseno waliyapima majani yake na kukuta mbolea imesimama uani. Katika majani makavu, nitrojeni ilikuwa kama asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37, potasiamu asilimia 4.1. Yakikatwa mabichi na kufukiwa udongoni huoza ndani ya wiki chache na kulisha mmea.

Habari hiyo ilisambaa kama habari njema, na ilikuwa njema kweli. Mkulima asiyeweza kununua mfuko wa mbolea ya DAP alikuwa na ua wake. Tufanye hesabu lakini. Mkulima anayetaka kilo 60 za nitrojeni katika hekta moja anahitaji karibu tani 1.7 za majani makavu, na majani mabichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu. Maana yake ni kukata, kubeba na kufukia tani saba na zaidi. Nani anayebeba? Katika mashamba ya huku jibu halina siri: ni mama mwenye nyumba, baada ya kuteka maji na kabla ya kwenda kutafuta kuni. Ndiyo maana watafiti wenyewe waliishia kushauri kwamba majani hayo yatumiwe zaidi kwenye sukuma wiki na mboga nyingine za kuuza, ambako kitalu ni kidogo na fedha inarudi upesi, kuliko kwenye shamba zima la mahindi. Mbolea ya bure ilikuwa na bei. Ilikuwa imeandikwa mgongoni mwa mtu.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili limenikaa akilini kuliko takwimu. Udongo wa sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya una upungufu wa fosforasi. Maua makech hayaiumbi fosforasi. Huinyonya pale penye ua na kuikusanya majanini. Ukiyakata na kuyafukia katika kitalu cha mboga, umehamisha utajiri kutoka mpakani kwenda katikati ya shamba, na mwaka baada ya mwaka mpaka unabaki mkavu. Kwa hiyo watafiti waliyajaribu pamoja na mawe ya fosfati yaliyosagwa kutoka Minjingu, kaskazini mwa Tanzania. Uwekevu huhamisha, hauumbi. Palipokosekana kitu tangu mwanzo, hata mama mwekevu kuliko wote hawezi kukifinyanga kutokana na jivu, na anayemhubiria ajitahidi zaidi anampotezea asubuhi yake.

Naandika hivi kwa sababu ya mgongo wazi.

Sangara, ambaye sisi tunamwita mbuta, aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na maofisa wa kikoloni waliotaka samaki mkubwa badala ya wale wadogo wengi waliokuwamo. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewameza wadogo hao kwa mamia ya spishi na kulitawala ziwa, na viwanda vya kumchakata vikaota Kisumu, Mwanza na Uganda. Kiwandani hukatwa minofu miwili, minofu ikagandishwa na kupakiwa kwenda Ulaya na kwingineko. Bondo lake, ile puto ya hewa tumboni, hukaushwa na kwenda China kwa bei inayoupita mnofu. Mafuta yana mnunuzi. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, vimeshikana, nyama imebanduliwa mpaka mifupa inaonekana. Hicho ndicho mgongo wazi. Kisumu hupelekwa hasa Obunga, mtaa wa watu maskini ulio karibu na viwanda, na huko wanawake huukaanga katika mafuta yanayochemka ndani ya makarai makubwa, wakauuza kwa watu ambao bei ya mbuta mzima imewapita. Upande wa Mwanza huitwa mapanki, na filamu Darwin's Nightmare ya mwaka 2004 ilipoyaonyesha duniani serikali ya Tanzania ilikasirika sana.

Mtu anayetafuta mfano wa kutopoteza kitu hatapata ulio kamili kuliko huu. Hakuna kipande cha samaki huyo kinachotupwa. Orodha zile za maisha rafiki kwa mazingira, zikisomwa kwa herufi zake, zingekipigia kiwanda makofi. Nami nimekula mgongo wazi. Ukikaangwa vizuri ni mtamu, na kichwa cha mbuta kina nyama kuliko wageni wanavyodhani. Wanawake wa Obunga wamesomesha watoto kwa karai hilo na sitawapunguzia hata kidogo. Lakini mtoto wa mvuvi anayekua akijua samaki kwa mifupa yake, kando ya ziwa alimovua babu yake, hakuchagua uwekevu. Amewekwa mwishoni mwa mstari. Kutopoteza na kugawana ni mambo mawili, na moja linaweza kustawi vizuri sana bila la pili. Watu wa mijini wanapotuambia kwa mapenzi kwamba maskini wa Afrika wanajua kuishi bila kuchafua, huwa najiuliza kama wamewahi kutuuliza mnofu ulikwenda wapi.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Faini ilikuwa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, na watu walicheka kwanza, kisha wakaamini. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda 2008. Tanzania bara ikafuata Juni 2019. Hapa kwetu kikapu kilitoka juu ya kabati. Mama mboga alirudi kwenye gazeti, na mara nyingine kwenye karatasi za mtihani wa mtoto wa mtu. Nimewahi kununua mandazi yaliyofungwa katika jibu la swali la jiografia, alama 3 kati ya 10. Miti ya kando ya barabara iliacha kuzaa mifuko. Mimi ni mmoja wa wanaoamini sheria hiyo ilifanya kazi, na sababu iko wazi: ilikizuia kitu kabla hakijafika nyumbani. Haikumwomba yeyote awe mwema.

Lakini mfuko ulikuwa mmoja tu kati ya wageni wasio na wa kuwapokea. Pakiti ndogo za sabuni, za kahawa ya kikombe kimoja, za mafuta ya nywele, zote zilibaki, kwa kuwa maskini hununua kidogo kidogo na kiwanda kimelielewa jambo hilo vizuri kuliko wachumi. Chupa za soda zilibaki. Pampasi zilibaki, zikaongezeka. Kuku hawazitaki, mbuzi akizila hufa, mgomba hauzijui. Huishia katika shimo la taka nyuma ya nyumba, lile lile lililochimbwa kwa ajili ya maganda na jivu, na jioni huwashwa moto. Moshi wake si ule tuliouzoea.

Halafu kuna ploti. Chuo Kikuu cha Maseno kilitokana na Chuo cha Walimu cha Siriba na taasisi ya mafunzo ya serikali iliyokuwa hapa, kikawa chuo kishiriki mwanzoni mwa miaka ya 1990 na chuo kikuu kamili mwaka 2001. Wanafunzi waliongezeka kuliko vitanda vya mabweni, na Nyawita na vitongoji vingine vikaota safu za vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango, ua wa saruji katikati. Mwanafunzi aliyelelewa kijijini Seme au Emuhaya, anayejua kila ganda linakwenda wapi, akihamia hapo anakuwa mtupaji ndani ya wiki moja. Tabia yake haikubadilika. Alichokosa ni mbuzi, mgomba na shimo. Maganda yake ya ndizi yanaoza katika ndoo ya korido mpaka mtu akereke. Ukimkemea, unakemea ramani ya jengo. Na mahali penye wa kupokea, wanafunzi hao hao ni wawekevu kupindukia: mwisho wa mwaka godoro, meko ya gesi, beseni na meza hubandikwa matangazo ukutani na kuhamia kwa wanaoingia, na najua godoro moja ambalo limesoma shahada nyingi kuliko mimi.

Kisumu mjini ploti hizo zimezidishwa mara elfu. Taka zake kwa miaka mingi zilirundikana Kachok, karibu na Uwanja wa Moi, zikawa kilima kilichoonekana na kila aliyeingia mjini kutoka Nairobi, na wanasiasa wakaahidi kukihamisha. Kilima kinaweza kuhamishwa kwa malori. Kitaota kwingine, maana sehemu kubwa ya kilichokuwa ndani yake ilikuwa vitu vya kuoza ambavyo vijijini vingekuwa chakula cha kuku kabla ya saa nne asubuhi.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka nyumbani, zinazooza na zisizooza. Ni agizo zuri kwa ploti ya Nyawita, ikiwa kuna gari litakalokuja kuchukua ndoo mbili bila kuzichanganya tena. Kwa nyumba ya kijijini ni kuchelewa kwa vizazi kadhaa. Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile isiyotajwa sana kwenye mikutano ya chifu: kwamba mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa nchini anawajibika kwa masalio yake, jambo lililofafanuliwa zaidi katika kanuni za 2024. Hapo sheria imeanza kuuliza swali la makapi: nani anapokea?

Njia ya kwetu hupita kijana mwenye mkokoteni, akiita vyuma kuukuu. Hununua bati lililooza, betri za gari, sufuria zisizozibika, mitungi ya plastiki iliyopasuka. Soko lake halibagui sana. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara nzima ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, na yeye, ambaye hajawahi kugusa nguzo, akakaa bila kazi mpaka Mei ilipofunguliwa tena. Siku moja nilimletea gunia la pakiti na chupa nyembamba nilizokuwa nimekusanya kwa bidii. Akalipima kwa mkono, akacheka kwa adabu.

“Mwalimu, hii nitamuuzia nani?”

Nilimweleza kuhusu kanuni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza bei kwa kilo. Atakapopita hapa akiita pakiti na pampasi kwa sauti ile ile anayoitia vyuma, na bei yake iwe imetoka kiwandani, ndipo nitajua kanuni za 2024 zimefika Maseno. Kwa sasa gunia lipo nyuma ya ghala, na kila wiki linazidi kujaa.